Umeweka programu yako GitHub bila leseni? Kisheria hakuna anayeruhusiwa kuitumia

Geita na Shinyanga neno leseni halihitaji maelezo. Kuanzia Nyarugusu na Katoro mpaka Kakola, kila mtu anajua kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara na kuna wachimbaji wanaoshuka chini, na mgao wa mawe unafuata nani ni nani. Lakini kuna leseni nyingine ambayo vijana wengi wanaotengeneza programu wanairuka: leseni ya programu huria, yaani karatasi inayomwambia mtu anaruhusiwa kuufanyia nini msimbo ulioandika. (Wengine huita "kodi", ila neno hilo lina TRA ndani yake, tuliache.)

Tuseme kijana wa Katoro ameandika programu ya simu inayopiga hesabu za mgao. Unaingiza viroba vilivyotoka, unaondoa gharama za mafuta ya jenereta, magogo na chakula, halafu inakuonyesha mwenye leseni anapata vingapi, mwenye duara vingapi na wachimbaji vingapi. Ugomvi wa duarani mara nyingi unaanzia hapo, kwa hiyo programu kama hii ina kazi kweli. Kijana akaipakia GitHub, akasema moyoni: nimeitoa bure, anayetaka achukue.

Hajaitoa.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi inayolindwa, kama kilivyo kitabu. Ulinzi unaanza unapoiandika, hata kama hujawahi kufika COSOTA. Na hapa ndipo programu inapoachana na mgodi. Madini ni mali ya taifa, na Tume ya Madini ndiyo inakupa leseni uchimbe. Kwenye programu mali ni yako tangu mstari wa kwanza, na Tume ya Madini ni wewe mwenyewe. Usipotoa leseni, jibu kwa kila mtu ni hapana.

Masharti ya GitHub yanawaruhusu watumiaji wengine kuutazama msimbo ulioweka wazi na kujitengenezea nakala humo humo GitHub. Basi. Mwenzako wa Kahama anayetaka kuongeza Kisukuma na kuipeleka kwa wachimbaji wa kwao, akiwa mtu makini, ataiacha. Asiye makini ataichukua tu. Yaani umewafungia mlango wale wale uliotaka waingie.

Unaogopa nini zaidi?

Leseni za programu huria ziko nyingi, lakini kwa mtu wa kawaida swali ni moja: unaogopa zaidi programu yako isitumike, au unaogopa mtu aichukue, aiboreshe, kisha aifunge na kuwauzia wenzako?

Kama hofu ni ya kwanza, chukua leseni nyepesi. MIT ndiyo fupi kuliko nyingi, aya chache tu: fanya utakalo, uza ukitaka, ila acha jina langu na maneno haya ya leseni, na ikiharibika usinidai. BSD inafanana nayo. Apache 2.0 ni ndefu kidogo, na imeongeza kitu cha maana: kila aliyechangia msimbo anakupa pia ruhusa ya kutumia hataza zake zinazohusika na mchango huo, asije kukugeuka baadaye.

Faida ya leseni hizi tumeiona hapa hapa nchini. ODK, mfumo wa kukusanya taarifa kwa simu ulioanzia Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani mwaka 2008, uko chini ya Apache 2.0. Watafiti walioko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, waliutumia kama msingi wa AfyaData, programu ya kutoa taarifa za magonjwa ya binadamu na ya wanyama kutoka vijijini. Ruhusa ilikuwa imeshaandikwa, hakuna aliyehitaji kwenda kupiga magoti. DHIS2 nayo, ambayo wizara ya afya inaitumia kukusanyia takwimu za vituo vya afya nchini, ni ya Chuo Kikuu cha Oslo na iko chini ya BSD.

Hofu ya pili inahitaji leseni yenye meno. Hiyo ni GPL, leseni ya Linux, ya WordPress na ya Moodle ambayo vyuo vingi vinafundishia. GPL inasema chukua, badilisha, uza kabisa, lakini ukimpa mtu programu hiyo lazima umpe na msimbo wake pamoja na mabadiliko yako, kwa leseni ile ile. Fundi wa mjini akiichukua programu ya mgao, akaipaka rangi mpya na kuwauzia wenye maduara, kila mnunuzi ana haki ya kuupata msimbo na kumpa mwingine. Hawezi kuifunga.

Ila GPL ina tundu. Sharti lake linaamka pale programu inapokabidhiwa kwa mtu. Akiiweka kwenye seva yake na wateja wakaingia kwa intaneti tu, hajamkabidhi mtu programu, kwa hiyo msimbo haumtoki. AGPL ilitungwa kuziba tundu hilo: hata anayehudumia watu kupitia mtandao lazima awape nafasi ya kuupata msimbo. Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Kenya baada ya vurugu za uchaguzi mwanzoni mwa 2008, sasa liko chini ya AGPL.

Kwa maoni yangu, kijana wetu wa Katoro achukue GPL, na kama programu yake inafanyia kazi kwenye seva, AGPL. Hesabu ya mgao inahusu watu wasioaminiana, na thamani yake ni kwamba mchimbaji yeyote anaweza kumpa mtu anayejua aukague msimbo aone kama kuna asilimia imejificha. Ikifungwa, hakuna tena wa kukagua. Kwa kipande kidogo, mfano kinachobadilisha gramu kuwa tola, MIT inatosha na hakuna haja ya kuumiza kichwa.

Na msidhani haya ni maneno ya makaratasi. Februari 2024 mahakama ya rufaa ya Paris iliiamuru kampuni ya simu ya Orange kulipa zaidi ya yuro 500,000 kwa kukiuka GPL ya programu ya kampuni ndogo iitwayo Entr'ouvert. Kesi ilichukua zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo usitegemee hela ya wiki ijayo.

"Bure, ila marufuku biashara"

Hili linaulizwa sana. Ukiandika "ruksa kutumia ila si kibiashara", umetoa leseni, lakini programu yako si huria tena kwa maana inayokubalika. Halafu fikiria: mwenye karasha anafanya biashara, mwenye duara anafanya biashara, hata mama anayeuza chakula machimboni anafanya biashara. Nani amebaki wa kuitumia?

Programu huria haikuzuii kula. Unaweza kuuza nakala, kutoza ufundi wa kuifunga kwenye simu, kufundisha makarani, kulipisha huduma ya seva. Jina la programu nalo ni jambo jingine. Kwa kawaida leseni hizi hazimpi mtu ruhusa ya kujitangaza kwa jina lako la biashara, na jina hilo unaweza kulisajili BRELA kama alama ya biashara.

Kabla hujachagua

Hakikisha mali ni yako kweli. Kama uliiandika ukiwa kazini, ukilipwa na mgodi au kampuni, kwa kawaida haki za kiuchumi ni za mwajiri mpaka mkataba useme vinginevyo. Soma mkataba kwanza. Kama mliandika watatu, wote watatu wakubali, tena kwa maandishi. Meseji ya WhatsApp ni bora kuliko kumbukumbu.

Angalia pia ulichoazima. Maktaba ya msimbo ya MIT inaingia karibu popote. Ukichanganya na ya GPL, ukigawa programu nzima lazima iwe chini ya GPL, upende usipende. Wengi wanagundua hili mteja akishalipa.

Data ina leseni zake. Ukichota ramani ya vijiji vya Geita kutoka OpenStreetMap, tangu 2012 ramani hiyo iko chini ya ODbL: lazima uwataje, na ukiboresha kanzidata hiyo na kuitoa hadharani, iende kwa masharti yale yale.

Je, unaweza kubadili baadaye? Matoleo yajayo ndiyo, kama msimbo wote ni wako au waliochangia wamekubali. Lile lililokwisha kutoka kwa MIT limetoka. Aliyelichukua anaendelea nalo.

Kazi yenyewe haimalizi hata bando. Ndani ya GitHub unda faili jipya, liite LICENSE, kitatokea kitufe cha kuchagua kiolezo cha leseni. Chagua na uhifadhi. Kwa MIT jaza mwaka na jina lako kwanza. Usitunge maneno yako wala kurekebisha yaliyomo, hata kama Kiingereza chake kinakukera. Kisha kwenye ukurasa wa maelezo ya programu andika mstari mmoja wa Kiswahili unaosema umetumia leseni gani, ili yule wa Kahama asihangaike kutafuta.