Mto usiomfaa samaki haukufai wewe

UKISAFIRI kutoka Narok kupitia Bomet ukielekea Kisii, utapita Kaplong, mahali ambapo barabara hiyo hukutana na ile itokayo Kericho. Pengine umewahi kushuka hapo kunyoosha miguu, ukatazama majani chai yaliyotanda kama zulia na ng'ombe wa maziwa wakila nyasi, kisha ukaendelea na safari yako.

Je, msomaji, siku hiyo ulimfikiria samaki? Huenda hapana. Hii ni nchi ya chai na mursik. Samaki huletwa sokoni kutoka ziwani. Hata hivyo, maji yanayoteremka kutoka vilima hivi yana sauti kubwa katika maisha ya samaki mmoja anayekaribia kutoweka duniani. Na yanayompata samaki huyo, kama utakavyoona, hayakuachi wewe.

Mto Kipsonoi hupita eneo la Sotik, karibu na Kaplong. Huungana na mito mingine inayotoka msitu wa Mau na kuwa mto Sondu-Miriu, ambao humwaga maji yake katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Huko chini ndiko anakoishi ningu.

Ningu, ambaye wanasayansi humwita Labeo victorianus, hapatikani popote duniani isipokuwa katika bonde la Ziwa Victoria. Hukulia ziwani, lakini mvua zinapoanza huingia mitoni na kupanda dhidi ya mkondo ili kutaga mayai katika nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Zamani wavuvi walimsubiri kwa hamu kila msimu wa mvua, na alikuwa kitoweo cha watu wengi wa magharibi mwa Kenya.

Leo shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Ngege wa asili, Oreochromis esculentus, yumo katika daraja hilohilo. Ngege huyo karibu atoweke kabisa katika ziwa kuu, na sasa hupatikana katika maziwa madogo kama Kanyaboli huko Siaya.

Nani wa kulaumiwa?

Watu wengi humlaumu sangara, au mbuta, aliyeingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Ni kweli kwamba sangara aliwamaliza fulu wa aina nyingi. Lakini ningu alianza kupungua kabla sangara hajatawala ziwa. Wavuvi walitega nyavu kwenye midomo ya mito wakati wa mvua, wakawanasa majike wakiwa na mayai tumboni. Anayemla kuku pamoja na mayai anayoyaatamia asishangae akikosa vifaranga.

Siku hizi kuna adui wa pili, naye hutoka juu. Ripoti ya jopokazi la Waziri Mkuu iliyotolewa mwaka 2009 ilieleza kwamba Mau ilikuwa imepoteza takriban robo ya msitu wake, zaidi ya hekta 100,000. Mti ukikatwa na shamba likalimwa hadi ukingoni mwa mto, mvua huchukua udongo. Matope hayo hufunika mayai ya samaki, huziba mashavu yao na hufukia mawe wanakojitafutia chakula. Ningu hahitaji kupanda hadi Kaplong ili aguswe na Kaplong; udongo wa huko humfuata alipo.

Adui wa tatu ni sumu. Dawa nyingi za kuua kupe na wadudu wa mimea hutengenezwa kwa mfano wa pareto. Dawa hizo huua samaki hata zikiwa kidogo sana majini. Mkulima anayeosha bomba lake la kunyunyizia dawa mtoni, au kutupa chupa tupu humo, huenda hajui kwamba ameua samaki ambao hata hakuwavua.

Afya yako inaingiaje hapa?

Kwanza ni maji. Familia nyingi bado huteka maji mtoni. Maji yenye matope ni vigumu kuyasafisha kwa klorini, kwa sababu uchafu hudhoofisha nguvu ya dawa hiyo na kuvificha vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Na hapa ndipo wengi hukosea: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi dawa ya kupe wala ya wadudu. Sumu ikishaingia mtoni, sufuria yako haitakuokoa.

Pili ni lishe. Samaki humpa mtoto protini, zinki na mafuta yanayosaidia ubongo kukua. Samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa, kama omena, huongeza madini ya chuma, kalsiamu na vitamini A. Mtoto anayekosa vitamini A yumo hatarini kupofuka, na mwili wake hushindwa kupigana na surua na kuhara. Samaki wa asili walipopungua, tulimtegemea sangara. Minofu yake ikapelekwa Ulaya, na wananchi wengi wa kipato cha chini wakabaki na mgongo wazi.

Tatu ni kichocho. Konokono wanaobeba vimelea vya ugonjwa huu huliwa na baadhi ya samaki. Katika Ziwa Malawi, watafiti waligundua kwamba samaki hao walipovuliwa kupita kiasi, konokono waliongezeka karibu na fuo na maambukizi ya kichocho yakapanda. Samaki basi si kitoweo tu. Wengine ni walinzi wetu.

Ufanye nini?

Ikiwa una shamba nyumbani kando ya mto, hata kama wewe unaishi Nairobi au Nakuru, agiza lisilimwe hadi majini. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaja mita 6 hadi 30 kila upande. Acha nyasi na miti ya kiasili izuie udongo. Usipande mikaratusi hapo, kwani hunywa maji mengi.

Bomba la dawa lioshewe mbali na mto, na maji yake yasimwagwe mtaroni. Chupa tupu zisitumiwe kuwekea maji ya kunywa wala maziwa.

Maji ya mto yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe hadi yatokote au utie klorini kwa kipimo kilichoandikwa.

Sokoni, muulize mwenye samaki ametoka wapi. Mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku samaki wa Ziwa Victoria baada ya kufahamika kwamba kuna waliovua kwa sumu. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inakataza sumu na vilipuzi. Ukiona samaki wengi wakielea wamekufa, usiwaokote. Mjulishe afisa wa uvuvi au wa afya aliye karibu nawe.

Tumaini lipo. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa uvuvi, KMFRI, katika kituo cha Kegati huko Kisii, wamefaulu kuzalisha ningu vidimbwini. Lakini kifaranga wa kidimbwini akirudishwa katika mto wa matope, atakufa kama wenzake waliomtangulia. Mto ni lazima utengenezwe kwanza.

Kwa hivyo safari ijayo ukipita Kaplong wakati wa mvua, yatazame maji chini ya daraja. Yakiwa mekundu kama chai iliyotiwa maziwa, jua kwamba shamba la mtu linasafiri kwenda ziwani. Ningu hawezi kuyachuja maji hayo. Mama anayeteka ndoo yake chini ya daraja hilo pia hawezi kuondoa yote yaliyomo.