Doa Lisilouma

Katika soko la Mabibo, Dar es Salaam, ambako malori hushusha ndizi na mananasi kabla hakujapambazuka, uchovu una dawa zake za bei rahisi. Ipo chai ya rangi, ipo sigara inayouzwa mojamoja, na upo ugoro uliofungwa kwenye karatasi. Mtumiaji wa ugoro huchota kiasi cha ncha ya vidole, huupachika kati ya mdomo wa chini na ufizi, kisha huinamia mzigo wake. Kesho huuweka ugoro palepale. Miaka ikipita, ngozi laini ya mahali hapo hukunjamana, hukakamaa na huweza kugeuka nyeupe. Haiwashi, haitoi damu, haimzuii mtu kula. Kwa hiyo mwenye nayo haoni sababu ya kwenda hospitali.

Kinywani, maumivu si kipimo cha hatari. Jino bovu humnyima mtu usingizi ilhali tiba yake ni kuziba au kung'oa, lakini doa linaloweza kugeuka saratani hukaa kimya kwa miaka. Likianza kuuma, mara nyingi limeshavuka mpaka.

Ngozi ya ndani ya kinywa hujijenga upya haraka. Ndiyo maana kidonda cha kujing'ata hupona ndani ya wiki moja au mbili. Seli mpya huzaliwa chini, hupanda juu na kubanduka. Tumbaku huuvuruga mpango huo. Ugoro huchanganywa na magadi, na magadi hufanya nikotini ipenye haraka kwenye ngozi ya mdomo na kuingia damuni. Humohumo mna nitrosamini, kemikali zinazotokea tumbaku inapokaushwa na kuchachushwa, ambazo huharibu vinasaba vya seli. Ngozi inayosumbuliwa kila siku hujikinga kwa kutengeneza keratini, ile ile inayofanya kisigino kiwe kigumu. Keratini ikilowa mate huonekana nyeupe. Weupe wenyewe ni ngao tu. Swali ni nini kinaendelea kwenye seli zilizo chini yake.

Mwaka 1877 Ernő Schwimmer, daktari wa ngozi wa Hungaria, aliliita doa la namna hiyo lukoplakia. Jina hilo lingali linatumika, ila madaktari hawalitoi ovyo. Doa jeupe linalofutika kwa kitambaa huwa ni utando wa fangasi, na dawa yake ipo. Mistari myeupe yenye manyoya pembeni mwa ulimi wa mtu mwenye VVU husababishwa na kirusi cha Epstein-Barr. Huonyesha kwamba kinga imeshuka, lakini haigeuki saratani. Jino lenye ncha kali linalokwaruza shavu nalo huacha weupe unaokwisha jino likichongwa. Linaloitwa lukoplakia ni doa lisilofutika na lisilo na ugonjwa mwingine wa kulieleza.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha, na ndivyo yalivyo madoa haya. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba lukoplakia zilizogeuka saratani zilikuwa takriban asilimia 9.5. Maana yake, katika watu kumi wenye doa hilo, tisa hivi hawakupata saratani katika muda waliofuatiliwa. Tatizo ni kwamba huyo wa kumi hatambuliki kwa kumtazama usoni.

Hata hivyo zipo alama za kumshuku. Doa lililolingana, jembamba na laini lina hatari ndogo kuliko lenye vinundu au mabaka mekundu ndani yake. Lililo pembeni mwa ulimi au chini ya ulimi ni la kuogopwa zaidi kuliko la shavuni. Doa kubwa ni baya kuliko dogo. Na kuna jambo linaloshangaza wengi: lukoplakia ya mtu asiyevuta wala kutafuna tumbaku ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuharibika kuliko ya mvutaji. Doa la mvutaji mara nyingi ni jibu la ngozi kwa kero inayojulikana, na akiacha huweza kufifia. La asiyevuta limetokana na hitilafu ambayo mtu hawezi kuiacha kama aachavyo sigara. Kwa hiyo mama ambaye hajawahi kushika sigara asijipe moyo kwamba doa lake halina neno.

Kama jeupe ni la kuangaliwa, jekundu ni la kukimbiliwa. Doa jekundu kama mahameli, lisilo na sababu nyingine, huitwa erithroplakia. Ni nadra, lakini mwaka 1975 wataalamu wa Marekani William Shafer na Charles Waldron walipopima vinyama vya madoa 65 ya aina hiyo, zaidi ya nusu vilikuwa tayari ni saratani iliyokwisha kupenya, na vingi vya vilivyobaki vilikuwa ukingoni mwake. Wekundu huo hutokea kwa sababu ngozi imekonda na haitengenezi tena keratini, ngao imeanguka.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia ya maradhi haya. Mwaka 1952 daktari aitwaye Schwartz alieleza hali ya wanawake watano wenye asili ya India waliokuwa wakiishi Kenya. Vinywa vyao vilikuwa vimekakamaa hadi vikashindwa kufunguka vizuri. Hayo yanahesabiwa kuwa maelezo ya kwanza ya kitabibu ya zama hizi kuhusu ugonjwa unaofahamika leo kuwa matokeo ya kutafuna popoo. Arekolini iliyomo kwenye popoo huchochea seli kutengeneza kolajeni kupita kiasi, nyuzi hujazana chini ya ngozi ya mashavu, na mdomo hufungika polepole. Tofauti na madoa ya ugoro, makovu haya hayarudi nyuma hata mtu akiacha, na baadhi hugeuka saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilihitimisha mwaka 2003 kwamba popoo husababisha saratani hata bila tumbaku. Hilo linawahusu watafunaji wa tambuu yenye popoo Zanzibar na Kariakoo. Vijana wanaonunua kuberi kama kiburudisho cha kinywa nao wajue kwamba wananunua tumbaku. Pombe kali ikiongezwa juu ya tumbaku, hatari huzidishwa, kwani mwili huigeuza kuwa asetaldehaidi, nayo pia hudhuru vinasaba.

Daktari akilishuku doa, hukata kinyama na kukipeleka maabara. Wapo wanaoamini kwamba saratani ikiguswa na kisu hutapakaa, wakaukimbia mlango wa hospitali kwa imani hiyo. Kipimo cha kinyama hakisambazi ugonjwa. Bila hicho hakuna anayejua kama seli zimeanza kupoteza mpangilio wake, hali iitwayo displasia. Ikionekana kali, doa huondolewa. Lakini kuondoa doa hakumalizi mambo. Watafiti wa Chicago walionyesha mwaka 1953 kwamba saratani ya kinywa huota katika eneo zima lililoharibiwa, si nukta moja, hivyo doa jipya linaweza kuchipuka jirani na kovu. Na hadi sasa hakuna kidonge wala upasuaji uliothibitishwa kuzuia kabisa lukoplakia isigeuke. Aliyetibiwa anapaswa kuacha tumbaku na kurudi kuangaliwa kwa miaka.

Kinachotokea kwa wasiorudi, au wasiokwenda kabisa, kinaonekana Ocean Road. Taasisi hiyo ya saratani, iliyo ndani ya hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, hupokea wagonjwa wengi wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Hapo kinachozungumzwa ni mionzi, kukatwa sehemu ya ulimi au taya, kujifunza upya kumeza na kusema. Duniani kote, mwaka 2020, saratani ya mdomo na kinywa iliwapata watu zaidi ya 377,000 na kuua zaidi ya 177,000.

Kuukata mnyororo huo hakuhitaji mashine. Katika jimbo la Kerala, India, kuanzia mwaka 1996, wahudumu wa afya waliofunzwa walipita nyumba kwa nyumba na tochi wakiwatazama watu vinywani. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa asilimia 34 kulinganisha na maeneo ambayo hayakupitiwa. Mabibo ina wahudumu wa afya ya jamii wanaojua kila mtaa. Kuwafundisha kutazama kinywa, na kuwapa pa kumpeleka wanayemshuku, ni kazi ya bei nafuu kuliko mionzi. Uganda imekwenda mbali zaidi: sheria yake ya mwaka 2015 ilipiga marufuku uuzaji wa tumbaku isiyo ya moshi. Hapa kwetu ugoro ungali unauzwa kando ya nyanya.

Wewe msomaji anza leo. Simama kwenye mwanga, shika kioo. Vuta mdomo wa chini, kisha wa juu, utazame ndani. Panua mashavu. Toa ulimi, ushike kwa kitambaa safi, uuvute kulia na kushoto uone mbavu zake. Uinue utazame chini yake. Pitisha vidole shingoni kutafuta uvimbe. Ukiona doa jeupe lisilofutika, jekundu lisilo na sababu, kidonda au uvimbe, lipe wiki mbili na uache ugoro au sigara katika muda huo. Likiwa bado lipo, nenda kwa daktari wa meno, umwambie akuangalie kinywa chote, si meno peke yake. Usingoje liume.