Kamera isiyotumia waya: Mkulima wa Kizimbani apime nini kabla ya kulipa?

KARAFUU ikishachumwa na kuchambuliwa makonyo, kazi ya mkulima bado. Hubaki kuanikwa juani siku tatu hadi tano, kwenye majamvi au sakafu ya saruji, na siku hizo ndizo za hatari kuliko zote. Karafuu ikiwa juu ya mti, mwizi hana budi kupanda na kuvunja matawi. Ikiwa uwanjani, anahitaji gunia na dakika kumi.

Wakulima wa Kizimbani, katika Wilaya ya Magharibi 'A' Unguja, wanalijua hilo tangu zama za mababu. Hapa ni miongoni mwa mahali pa mwanzo kupandwa mikarafuu kisiwani, mapema karne ya 19, na ndipo ilipo taasisi ya utafiti wa kilimo ya Zanzibar pamoja na mashamba ya viungo yanayotembelewa na watalii. Dawa ya wizi ilikuwa moja: mtu alale uwanjani. Kijana wa nyumbani au mlinzi wa kulipwa kwa msimu, na tochi yake.

Sasa mlinzi huyo amepata mshindani. Katika maduka ya vifaa vya umeme mjini, Darajani na Mlandege, zinauzwa kamera ndogo za ulinzi zisizotumia waya, na muuzaji huwa na maneno yale yale: haina waya, inaona usiku, utaiona kwenye simu hata ukiwa safarini. Maneno hayo si uongo. Lakini kila neno lina sharti lake, na sharti hilo kwa kawaida mteja hulijua baada ya kulipa.

Umeme kwanza

Kamera isiyotumia waya ni ile inayopeleka picha hewani, kwa waifai au kwa laini ya simu. Umeme wake ni habari nyingine. Nyingi kati ya zile za bei nafuu zina waya wa adapta unaochomekwa ukutani, kwa hiyo umeme ukikatika kamera inazimika, na ruta inazimika nayo.

Wazanzibari hawahitaji kufundishwa habari za kiza. Mwaka 2008 Unguja ilikaa bila umeme karibu mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 ikawa miezi mitatu, kutokana na hitilafu katika njia ya umeme inayotoka Bara kupitia chini ya bahari. Kebo mpya ya megawati 100 ilianza kazi mwaka 2013 na hali ikawa afadhali. Hata hivyo, kwa mwizi saa mbili za kiza zinatosha.

Hesabu ya kujikinga si ngumu. Kamera moja ya adapta hula wati 5 hivi na ruta wati 10, jumla wati 15. Betri ya sola ya volti 12 na ampea 100 kwa saa inahifadhi wati-saa 1,200. Ukitumia nusu yake tu, ili isichoke mapema, vifaa vyote viwili vitafanya kazi saa 40. Kwa kuwa ruta na kamera nyingi hutumia volti 12 au volti 5, hakuna haja ya kununua inveta; kibadilishi kidogo cha volti kinatosha. Mkulima ambaye tayari ana sola ya kuwashia taa na kuchaji simu yuko mbele hatua moja.

Aina ya pili ina betri ndani yake na kibao kidogo cha sola. Hii ndiyo isiyo na waya kweli. Ili betri isiishe, kamera hulala, na huamka pale sensa yake inapohisi joto la mwili likipita mbele. Ndipo inarekodi sekunde kumi au ishirini, inatuma ujumbe kwenye simu, na kulala tena. Inafaa sana uwanjani, lakini ina kasoro mbili za kuzijua. Kwanza, sensa hizo huhisi mtu vizuri akiwa ndani ya mita 8 hadi 10. Zaidi ya hapo hubahatisha. Pili, haichagui nani anapita. Komba wa usiku, paka na kuku wa jirani wote wataiamsha, na mwenye shamba aliyeamshwa mara sita na komba huishia kuzima sauti ya simu.

Kibao cha sola nacho kinataka jua. Shamba la viungo ni kivuli juu ya kivuli: mnazi, mfenesi, mkarafuu, chini yake mdalasini. Kikifungwa kwenye shina la mkarafuu hakitachaji kitu, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, hata kilicho wazi hupungukiwa. Mahali pake ni juu ya paa au nguzo iliyo katikati ya uwanja, ambako jua linafika kwa sababu hapo ndipo karafuu zinapoanikwa.

Eka tatu haziwezi kulindwa na kamera

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Familia nyingi za Unguja na Pemba zilipata mashamba ya eka tatu katika ugawaji ulioanza mwaka 1965. Eka tatu, zikiwa mraba, ni mita 110 kila upande, na mpaka wake wote ni mita 440. Taa za infraredi za kamera ya kawaida, zile zinazoiwezesha kuona gizani, humulika mita 10 hadi 30 kulingana na bei. Mkulima anayetaka kuona mpaka wote usiku angehitaji kamera 15 au zaidi, na bado migomba ingemziba.

Kuona nako kuna daraja zake. Kamera yenye lenzi pana inaonyesha kwamba mtu amepita, hata akiwa mbali. Kumtambua sura ni jambo jingine. Kwa kamera ya kawaida ya pikseli 1,920 kwa upana, uso ulio mbali zaidi ya mita 5 hadi 7 huwa doa tu. Muuzaji akionyesha picha safi dukani, mteja aangalie mtu anayeonekana amesimama umbali gani.

Mawimbi ya waifai nayo yana mpaka. Majani mabichi yana maji, na maji hunywa mawimbi hayo. Ruta iliyo sebuleni inayofika vizuri mita 30 kwenye uwanja mtupu itachoka mapema ikipita kwenye ukuta wa matofali na safu tatu za mikarafuu. Kamera nyingi za bei nafuu hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4 peke yake, na hilo si baya kwa shamba, kwani yanapenya kuliko yale ya gigahezi 5. Kipimo rahisi hakigharimu kitu: mkulima asimame na simu yake pale anapotaka kuweka kamera, akiwa ameunganishwa na ruta ya nyumbani, acheze video. Ikikwama, na kamera itakwama.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: mali inapokusanyika pamoja ni wapi? Kwa karafuu ni uwanja wa kuanikia na chumba cha magunia. Kwa mfugaji ni mlango wa banda la kuku au zizi. Kwa vanila ni pagumu zaidi, kwa sababu huibwa ikiwa bado kwenye mmea, katika miezi tisa hivi kati ya kuchavushwa na kuvunwa. Wakulima wa Madagascar huchoma alama kwenye maganda mabichi kwa pini ili mwizi asipate pa kuyauzia, na Uganda serikali hutangaza tarehe ya kuanza kuvuna. Mkulima wa Kizimbani mwenye miti michache ya vanila karibu na nyumba anaweza kuiwekea kamera, lakini alama ya pini ni rahisi kuliko kamera yoyote.

Bando na kadi

Pasipo na ruta kuna kamera za laini ya simu. Hizi ndizo zinazofaa shamba lililo mbali na nyumba, mradi mtandao unapatikana hapo. Nazo zina gharama isiyoisha. Picha ya ubora wa wastani hutumia megabiti moja kwa sekunde. Ukiitazama dakika 10 kwa siku, ni MB 75, yaani karibu GB 2.25 kwa mwezi. Ukiiacha itume picha mchana na usiku inafika karibu GB 11 kwa siku, na hapo hakuna karafuu itakayolipa bando.

Ndiyo maana kadi ya kumbukumbu ni lazima. Kamera ihifadhi kila kitu kwenye kadi yake, na simu ipate taarifa tu. Kadi ya GB 64 huchukua siku tano au sita za kurekodi mfululizo, kisha hufuta za zamani. Kadi bandia zenye maandishi makubwa na nafasi ndogo zipo nyingi. Ijaribiwe kabla ya msimu, iachwe irekodi hadi ijae. Na kwa kuwa mwizi anaweza kuondoka na kamera yenyewe, ifungwe juu, mita 3 hivi, isifikiwe kwa mkono. Baadhi ya kampuni huhifadhi picha kwenye mitambo yao kwa malipo ya kila mwezi, mara nyingi kwa dola. Mteja aulize mapema kamera itafanya nini asipolipa.

Inalipa au hailipi?

Tuseme kamera ya laini, kadi, nguzo na fundi vimegharimu Sh300,000, na itadumu miaka mitatu katika hewa yetu ya chumvi. Hiyo ni Sh100,000 kwa mwaka. Bando la Sh15,000 kwa mwezi ni Sh180,000. Jumla Sh280,000. Kama kilo ya karafuu kavu ni Sh14,000, kamera lazima iokoe kilo 20 kila mwaka ndipo irudishe fedha zake. Kila mmoja aweke tarakimu zake, lakini hesabu ni hiyo.

Anayeanika magunia matano ya kilo 50 ana sababu ya kununua. Anayeanika kilo 40 msimu mzima hana, hata kama jirani anayo. Watu wanne wa namna hiyo wakianika kwenye uwanja mmoja wenye kamera moja, hesabu inageuka. Tena mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Msimu ukiwa mdogo, kamera ya betri ihamishiwe kwenye banda la kuku na bando lipunguzwe. Hii ni faida ambayo kamera ya kupigiliwa ukutani haina.

Mfanyabiashara wa mjini anayenunua viungo Kizimbani na kuvihifadhi Mji Mkongwe ana tatizo lake. Kuta za mawe na chokaa, nene kama zilivyo, huzuia waifai kuliko msitu, hivyo ruta ikae chumba kile kile na kamera. Na kabla ya kutoboa ukuta wa nje apite Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwani eneo hilo ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000.

Nani atakuja?

Kamera haimkamati mtu. Simu ikilia saa nane usiku na mwenye shamba yuko Fuoni au Muscat, lazima awepo mtu wa kupigiwa ambaye anakaa dakika chache kutoka uwanjani. Wengi wanaonunua huliacha jambo hili mwisho, na lilipaswa kuwa la kwanza. Jirani wawili, sheha na vijana wa polisi jamii wapewe habari mapema, na namba zao ziwe kwenye simu. Mlinzi wa msimu naye si lazima aachishwe: kamera inayomwamsha ni bora kuliko mlinzi peke yake au kamera peke yake.

Picha ikipatikana, ipelekwe kituo cha polisi, si kwenye makundi ya WhatsApp. Sura isiyoonekana vizuri usiku imeshawahi kufanana na watu wengi, na mtu aliyeitwa mwizi mbele ya kijiji hasafishiki kwa kuomba radhi.

Kuna na uani. Nyumba nyingi za shamba zina ua ambamo kina mama hupika, hufua na huoga, na kamera ya mita 3 juu inaona ndani ya ua wa jirani. Mwenye kamera amwite jirani, amwonyeshe kwenye simu kinachoonekana, na aigeuze mbele yake ikibidi. Wenye mashamba ya watalii nao waweke kibao cha kueleza kwamba kuna kamera.

Siku ya kufunga, neno la siri la kiwandani libadilishwe hapo hapo. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliingia katika kamera na ruta nyingi duniani kwa kutumia maneno ya siri ya kiwandani tu, na wenye nazo hawakujua.

Saa ya kamera nayo iangaliwe. Nyingi hutoka China zikiwa na saa za huko, ambazo ziko mbele ya zetu kwa saa tano, kwa hiyo wizi wa saa nane usiku huandikwa kwenye picha kuwa umetokea saa moja asubuhi. Ni jambo la kurekebisha kwa dakika moja kwenye simu, kabla ya gunia la kwanza kumwagwa jamvini.