Kamionete ya okazio: fari na freni kwanza, lame nyuma

Kamionete nyingi zinazobeba makala, unga na simenti mu Lubumbashi zilianza maisha yao ku Japani. Meli inazishusha ku Dar es Salaam ao ku Durban, kisha zinapanda kwa barabara mpaka Zambia. Ku Japani, Tanzania, Afrika ya Kusini na Zambia, magari yanatembea mkono wa kushoto. Pale Kasumbalesa dereva anavuka mpaka na kuhamia mkono wa kuume. Motoka yenyewe inabaki vile ilitengenezwa, na si volan peke yake.

Mwenye kununua kamionete ya namna hii mara nyingi amemaliza akiba ya miaka, ao amekopa kwa ndugu. Makuta kidogo inayobaki inaenda wapi? Kwa wengi inaenda ku lame za kuongeza nyuma ili motoka ibebe zaidi, ku ampule nyeupe zenye mwanga mkali, pengine ku jante na muziki. Muziki haudhuru mtu. Lakini lame na ampule zinaweza kuleta ajali kama zinawekwa mbele ya kazi zingine ndogo, na kazi hizo mara nyingi zinaomba makuta kidogo kuliko lame zenyewe.

Mwanga unaoangalia upande mbaya

Tuanze na fari, juu wachache wanazifikiria. Taa za chini, zile madereva wanaita kode, hazimuliki sawasawa pande zote mbili. Upande mmoja mwanga unakatwa chini ili usimpofushe dereva anayekuja mbele. Upande mwingine unapanda kidogo ili uonyeshe ukingo wa barabara, watembea kwa miguu na wenye vélo. Fari iliyotengenezwa kwa Japani inapandisha mwanga upande wa kushoto, juu kule ukingo uko kushoto. Huku kwetu, kushoto njo kunatokea motoka zingine. Kwa hiyo kamionete yenye fari za Japani inamulika macho ya dereva anayekuja, na inaacha giza ku ukingo wa kuume, fasi mama anatembea na beseni kichwani.

Mtu mwenye kusafiri usiku kwa ile barabara ya kilomita karibu 90 kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa anajua inavyokuwa: malori yanafuatana, vumbi iko hewani, na kila mwanga unachoma macho. Wengi wanalaumu taa kubwa. Mara nyingi dereva yule ameshusha taa zake, lakini fari zake njo zinaangalia upande mbaya.

Kujipima hakuombi fundi. Simamisha motoka fasi ya sawa, mbele ya ukuta, mita 10 kutoka ukutani. Pima urefu kutoka chini mpaka katikati ya fari, uweke alama ukutani kwa urefu uleule. Washa kode. Mstari wa juu wa mwanga inafaa ukae karibu sentimita 10 chini ya alama. Kisha angalia upande gani mwanga unapanda. Kama unapanda kuume, ni vizuri. Kama unapanda kushoto, kukaza vis ya fari kutashusha mwanga wote, lakini hakutaugeuza.

Dawa ya kweli ni kutafuta fari za modeli ileile zilizotengenezwa kwa inchi zenye kutembea kuume. Waingereza wanaovuka kuingia Ufaransa kwa siku chache wanabandika kibandiko ku kioo cha fari kuziba ile sehemu inayopanda. Hiyo inasaidia wakati unatafuta fari zenyewe, lakini kibandiko kiwekwe fasi yake kabisa, kisha urudie kupima ukutani. Na zile ampule za mwanga mweupe mkali? Fari iliyotengenezwa kwa ampule ya kawaida haiwezi kupanga mwanga wake. Unatawanyika kila upande, na mwenye motoka anafikiri anaona vizuri juu mbele yake karibu kunang'aa.

Volan ya kuume inaleta shida ingine: kupita lori. Dereva amekaa upande wa ukingo, lori imemfungia macho, na anamwomba konvoyeri aangalie kama njia iko wazi. Kijana yule pengine amepakia mizigo tangu asubuhi na usingizi unamkamata. Kukaa mbali na lori kunafungua macho zaidi kuliko kuisogelea. Kioo kidogo cha mviringo kilichobandikwa ku retro ya kushoto nacho kinaonyesha motoka inayokuja nyuma, ile retro ya kawaida inaficha. Ni kitu cha bei ndogo sana.

Lame zinazodanganya freni

Kuongeza lame si kosa. Kwa njia ya Kasenga ao ya makala, resori zilizochoka zinafanya motoka ikae chini na kuyumba. Lakini kamionete nyingi, kama Toyota Hilux nyingi, ziko na kifaa kidogo chini, karibu na ekseli ya nyuma, chenye fimbo ya chuma. Kazi yake ni kupima mzigo. Nyuma ikishuka, fimbo inasogea na kifaa kinaruhusu freni za nyuma zipate nguvu zaidi. Nyuma ikiwa juu, kinapunguza nguvu ili magurudumu ya nyuma yasifunge na kuteleza.

Fundi akiongeza lame mbili, nyuma inapanda. Hata na mzigo mzima, kifaa kinaona kama motoka iko tupu. Freni za nyuma zinafanya kazi nusu, za mbele zinabeba yote, zinapata moto, na motoka inakawia kusimama. Mwenye motoka anabadilisha plaketi kila mara bila kujua sababu. Inatosha fundi airekebishe ile fimbo siku ileile anapoongeza lame. Ni vizuri kumwuliza mbele ya kumlipa. Tena urefu wa nyuma ukibadilika, mwanga wa fari nao unabadilika; ule mtihani wa ukuta unarudiwa.

Lame haziongezi nguvu ya freni, ya ekseli wala ya mapine. Kamionete nyingi za cabine moja zilipangiwa karibu tani 1. Hiyo ni mifuko 20 ya simenti ya kilo 50, ao mifuko 40 ya unga ya kilo 25. Watu 5 wanaokaa juu ya mzigo ni kama kilo 350 zingine, na hao hakuna mtu anawahesabu mbele ya safari.

Mafuta ya freni yanakunywa maji ya hewani polepole. Kwa freni zenye moto mwingi, maji yale yanachemka na pedali inazama mpaka chini. Kuyabadilisha kila miaka miwili ni kazi ndogo.

Vumbi, mazutu na mkanda

Kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 vumbi nyekundu inajaza filtre ya hewa. Wengi wanaipiga-piga na kuirudisha, sawa, lakini bomba la kauchu kati ya filtre na motere likipasuka, filtre mpya haisaidii. Ingiza kidole ndani ya bomba: kikitoka na vumbi, motere inakula mchanga.

Mazutu ya bidoni za kando ya barabara inaweza kuwa na maji. Chini ya filtre ya mazutu kuna kifungulio cha kuyatoa. Inachukua dakika chache.

Ku mapine, soma tarakimu 4 za mwisho kando ya herufi DOT: 2318 ni juma la 23 la mwaka 2018. Pine yenye maua mazuri inaweza kuwa nzee kuliko gari.

Kunabaki ule mkanda wa ndani ya motere, distribisiyo. Motere za mazutu za Hilux za zamani, 2L, 3L na 5L, zinaomba ubadilishwe kila kilomita 100 000. Ukikatika motoka ikitembea, vali zinaweza kugonga pistoni. Na kwa motoka ya okazio kompteri inaweza kuwa imerudishwa nyuma. Kama hakuna karatasi inayoonyesha siku ulibadilishwa, badilisha mbele ya kununua kitu kingine chochote cha motere, kisha andika kilomita kwa kalamu ya mafuta ku kifuniko chake.