Slaidi kwa matini sahili: Maudhui kwanza, fani baadaye

KATIKA madarasa ya fasihi tunawafunza wanafunzi kutenganisha fani na maudhui. Maudhui ni yale yanayosemwa. Fani ni namna yanavyosemwa. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo akiketi mbele ya tarakilishi kuandaa wasilisho, somo hilo hulisahau papo hapo. Kabla hajaandika sentensi moja, ameshachagua rangi ya mandharinyuma, aina ya herufi na picha ya ua la pembeni. Saa mbili zinakwisha, slaidi zinametameta, na hoja bado haijazaliwa.

Leo nataka tuitazame njia nyingine ya kutengeneza slaidi: kuyaandika maneno katika faili ya kawaida, kuyatia alama chache, kisha kuiachia mashine kazi ya kuyapamba. Wanahisabati na wataalamu wa tarakilishi wameizoea. Mimi naamini inatufaa hata zaidi sisi watu wa lugha, hasa wanaohangaikia lugha zisizo na fedha wala wachapishaji.

Tuanze na istilahi. Zamani, kabla habari haijachapishwa gazetini, mhariri aliipitia kwa kalamu na kuitia alama: hiki ni kichwa, neno hili likolezwe wino, hapa ianze aya mpya. Mpangaji chapa alizisoma alama hizo na kuzitii. Msomaji hakuziona, aliona matokeo yake tu. Lugha ninazozizungumzia hapa zimerithi kazi ya kalamu ile. Je, tuziiteje? “Lugha ya alama” lingekuwa jina jepesi, ila tayari lina mwenyewe: wenzetu wa Tanzania hulitumia kwa lugha ya viziwi, ambayo sisi Kenya huiita lugha ishara. Kwa hivyo napendekeza “lugha ya utiaji alama”. Na yale maandishi yasiyo na pambo lolote, herufi na nafasi basi, nayaita “matini sahili”.

Historia yake si ndefu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alibuni TeX, programu ya kupanga chapa kutokana na matini yenye alama. Katika miaka ya 1980, Leslie Lamport aliirahisisha kwa kuunda LaTeX. PowerPoint, inayojulikana na kila mtu, ilitoka mwaka wa 1987 na ikanunuliwa na Microsoft mwaka huo huo. Mwaka wa 2003 Till Tantau, aliyekuwa akiandaa slaidi za kutetea tasnifu yake ya uzamifu, aliunda Beamer, yaani LaTeX ya kutengenezea slaidi. Neno lenyewe lina sura ya Kiingereza, lakini ni Wajerumani wanaolitumia kwa maana ya projekta. Mwaka uliofuata John Gruber alitoa Markdown, yenye alama chache ambazo hata mtoto anaweza kuzikariri. Kisha mwaka wa 2006 John MacFarlane, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akatoa Pandoc, programu inayogeuza faili za aina moja kuwa za aina nyingine.

Hebu sasa tuipeleke njia hii mahali ambapo faida yake itaonekana. Kilelengwani ni kijiji kilichoko katika eneobunge la Garsen, Kaunti ya Tana River. Wakenya wengi walilisikia jina hilo mara ya kwanza Septemba 2012, watu wengi wakiwemo maafisa wa polisi walipouawa huko wakati wa mapigano. Delta yenyewe hurudi magazetini Mto Tana unapofurika. Lakini watu wa delta wana mengine ya kusema. Wapokomo wanaoishi huko wana lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kiswahili, na mahadhi ya wimbo wetu wa taifa yalitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Tuseme basi kwamba walimu wa hapo wanataka kuwaeleza wazazi kwa nini lugha yao ihifadhiwe. Wataandika hivi:

% Kipokomo na jamaa zake
% Walimu wa Kilelengwani

# Ukoo wa Sabaki

- Kiswahili
- Kipokomo
- Kimijikenda
- Kiilwana
- Kikomoro

# Tunayotaka kuhifadhi

- Majina ya samaki wa mtoni
- Nyimbo za kubembeleza watoto
- Maneno ya kilimo cha mpunga

Wasilisho limekwisha! Mistari miwili yenye alama ya asilimia inataja anwani na waandishi, nayo itakuwa slaidi ya kwanza. Kila alama ya reli inafungua slaidi mpya na kuipa kichwa. Kila kistari ni hoja moja katika orodha. Nyota mbili kila upande wa neno zinalikoleza wino. Faili inaweza kuitwa baraza.md, na amri ya kuigeuza ni mstari mmoja:

pandoc baraza.md -t beamer -o baraza.pdf

Kwa amri hiyo Pandoc inaisoma faili, inaikabidhi Beamer, na kinachotoka ni PDF yenye slaidi tatu zilizopangika. Anayetaka slaidi za PowerPoint ataandika:

pandoc baraza.md -o baraza.pptx

Matini ni yale yale. Yamebadilishwa mavazi tu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Alama ya reli haisemi “zikuze herufi hizi, uzitie rangi ya samawati”. Inasema tu, “hiki ni kichwa”. Inataja maneno hayo ni nini, bali haitaji yaonekaneje. Sura yatapewa baadaye, na mtindo wa kuyapa sura hiyo. Mwandishi analazimika kujiuliza swali ambalo walimu wa insha wamelisisitiza tangu jadi: hoja yangu kuu ni ipi, na hizi nyingine zinaitegemezaje? Mwenye slaidi isiyo na hoja hana pambo la kujifichia.

Faida ya pili ni wepesi. Katika usimbaji wa kawaida wa siku hizi, kila herufi ya Kirumi tunayoitumia katika Kiswahili huchukua baiti moja. Hotuba yenye herufi 5,000 ni takriban baiti 5,000, ilhali picha moja ya rununu aghalabu huzidi baiti milioni moja. Mahali ambapo mtandao unasuasua na bando linanunuliwa kwa shilingi za kuhesabu, tofauti hiyo si ya kubezwa. Matini hayo yanaandikika kwenye simu, yanatumwa kama ujumbe, na hata mashine ya kuyageuza isipokuwepo, yanasomeka vivyo hivyo yalivyo.

Faida ya tatu ni maisha marefu. Faili za programu za kibiashara hutegemea programu iliyozizaa. Ikibadilika au ikifa, faili huwa kama sanduku lililopotea ufunguo. Nimewaona watafiti wakifungua slaidi za miaka ishirini iliyopita na kukuta herufi zimeruka na majedwali yamevunjika. Matini sahili hayana ufunguo wa kupotea. Kwa lugha kubwa, faili moja kuharibika ni usumbufu tu. Kwa lugha ndogo, huenda ikawa ndiyo nakala pekee ya orodha ya maneno iliyotoka kinywani mwa mzee ambaye hayupo tena.

Isitoshe, kuna suala la lugha ya programu yenyewe. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kupongezwa. Lakini kutafsiri menyu ni kazi isiyokwisha, maana kila toleo jipya huja na maneno mapya. Alama za Markdown hazihitaji tafsiri. Reli, nyota na kistari havina kabila, na mwandishi wa Kipokomo anavitumia sawasawa na yule wa Kiingereza.

Je, njia hii haina dosari? Inazo. Amri za Pandoc na maelezo ya makosa ni ya Kiingereza. Kusakinisha LaTeX nzima hula nafasi kubwa na kunahitaji mtandao wa kutegemewa, kwa hivyo ni vyema kikundi kiwe na kipakatalishi kimoja cha kugeuzia faili za wote. Anayetaka kupanga picha nne na mishale kati yake atafanya haraka zaidi kwa kipanya. Tena mitindo ya Beamer imepewa majina ya miji kama Berlin, Madrid, Warsaw na Singapore. Mji wa Afrika hukuti kati ya ile inayokuja na programu. Ila mtindo nao ni faili ya matini. Anayetaka kuunda mmoja auite Garsen, hakuna wa kumzuia.

Nalisema hili kwa sababu utafiti wa lugha zetu una tabia ya kusafiri upande mmoja. Mtafiti huenda kijijini, hukusanya maneno, hurudi chuoni, na slaidi zake huonyeshwa kwenye kongamano ambalo waliompa maneno hayo hawakualikwa. Kisingizio ni kwamba faili ni nzito, au kwamba huko hawana programu ya kuifungulia. Matini sahili yanakiondoa kisingizio hicho. Ningependa idara za lugha katika vyuo vyetu ziweke sharti dogo: kila mwanafunzi anayetafiti lugha ya jamii aandae wasilisho lake kwa matini sahili pia, na nakala irudi kwa waliohojiwa, kwenye simu zao. Mwalimu wa Kilelengwani akiona neno limeandikwa visivyo, atalisahihisha mwenyewe na kuirudisha faili kabla ya jua kutua.