Mgonjwa alipona, akazuiwa getini

WALIOKUWA kambini Mtabila au Lukole, nchini Tanzania, wanakumbuka kitu kimoja: mtoto akishikwa na malaria usiku, alibebwa hadi zahanati ya kambi na hakuna aliyeulizwa fedha. Ndiyo maana wengi walioanza kurejea Burundi mwaka 2002 na kuendelea walipigwa na butwaa hospitalini. Mwaka huo huo Serikali ilikuwa imeanzisha utaratibu wa mgonjwa kujilipia gharama zote, kuanzia kumwona daktari hadi dawa.

Walioshindwa kulipa hawakuruhusiwa kwenda nyumbani. Ripoti ya Human Rights Watch na chama cha Burundi cha APRODH, iliyotoka Septemba 2006, ilieleza jinsi wagonjwa waliokwisha kupona, wakiwamo akina mama waliojifungua kwa upasuaji, walivyoshikiliwa katika hospitali, Prince Régent Charles ya hapa Bujumbura ikiwa mojawapo. Wengine walikaa wiki, wengine miezi. Mlinzi getini alitaka karatasi ya kuonyesha deni limelipwa.

Tuupigie hesabu utaratibu huo, maana msomaji wetu wa mpakani ni mtu wa hesabu. Ukishikilia baiskeli ya mdaiwa wako, baiskeli ina bei. Mama aliyezuiwa wodini halimi, hauzi nyanya sokoni, hapati hata senti ya kupunguza deni. Kitanda chake hakimpokei mwingine, na mlinzi anadai mshahara. Waliotoka ni waliouza mbuzi au kipande cha shamba, au waliolipiwa na msamaria.

Mei 1, 2006, Rais wa wakati huo, marehemu Pierre Nkurunziza, alitangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Uamuzi ulikuwa mwema, maandalizi hayakuwapo. Vituo vilifurika, dawa zikaisha, wauguzi wale wale wachache wakabebeshwa kazi zaidi, na fedha za Serikali kwa hospitali zikachelewa.

Ufumbuzi ulitoka mikoani. Mwishoni mwa 2006, Bubanza na Cankuzo zilianza kujaribu kulipa vituo kulingana na kazi iliyofanyika: kila uzazi na kila mtoto aliyekamilisha chanjo, akihakikiwa daftarini, alikuwa na malipo yake, na sehemu ya fedha hizo ikawaendea wafanyakazi. Aprili 2010 mpango ulienezwa nchi nzima na kuunganishwa na ile huduma ya bure. Uchunguzi wa kitaifa wa 2010 ulikuta watoto 60 katika kila 100 wamezaliwa kituoni. Ule wa 2016-17 ulikuta zaidi ya 80. Sifa zote si za mpango huo, kwani vita navyo vilikuwa vimekwisha na barabara zimefunguka, lakini sehemu yake ipo.

Aliyebaki nje ni baba wa miaka 40 mwenye ngiri, mchuuzi wa Gatumba au Kobero. Huyo aliwekewa kadi ya matibabu, CAM, iliyofufuliwa mwaka 2012 kwa faranga 3,000 kwa kaya kwa mwaka, Serikali ikibeba asilimia 80 ya gharama. Bei ya chupa chache za bia! Lakini wengi waliinunua siku walipougua tu, na mfuko wa namna hiyo haujai. Tena rafu za dawa zilipokuwa tupu, mwenye kadi alipewa karatasi akanunue duka la nje, fedha taslimu, asilimia 100.