Kukamata haramia ni kazi moja, kumuhakikisha mbele ya tribinali ni kazi ingine

Wengi wanajiuliza: mutu akikamatwa katikati ya bahari na bunduki, tribinali inatafuta nini tena? Jambo hili si la mbali na sisi. Mizigo mingi ya Goma, Butembo na Bunia inapitia Mombasa, na njo kule maharamia wengi wa Somalia walihukumiwa.

Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya 1982 juu ya bahari, ambayo inchi yetu iliyakubali mu 1989, yanaeleza uharamia katika kifungu cha 101. Prokirere anapaswa kuonyesha mambo ine:
1. Kulikuwa jeuri, kuteka watu ao kunyanganya.
2. Ni kwa faida ya watu binafsi, si kazi ya serikali.
3. Ni inje ya maji ya inchi yoyote, ni kusema kupita maili 12 za baharini toka pwani.
4. Chombo kimoja kilishambulia kingine.

Moja likikosekana, shitaka la uharamia linaanguka, hata kama wizi unabaki wizi.

Tuchukue mfano. Mu Januari 2006, manowari ya Marekani ilikamata Wasomali 10 waliokuwa wameteka Safina Al Bisarat, jahazi la Wahindi. Walipelekwa Mombasa. Avoka wao aliuliza: tribinali ya Kenya inahukumu namna gani Wasomali walioshambulia Wahindi? Jibu ni kwamba haramia ni adui wa inchi zote, na inchi yoyote inaweza kumuhukumu. Nahodha wa jahazi mwenyewe alitoa ushuhuda. Kila mumoja alipewa miaka 7, na mu 2009 rufaa yao ilikataliwa.

Pale ilikuwa rahisi kidogo, juu jahazi lilikuwa bado mikononi mwao. Lakini kama wamekamatwa mbele ya kushambulia? Wakiona manowari, wanatupa bunduki mu maji, kisha wanasema: «Sisi ni wavuvi». Kwa hiyo askari wanapiga picha mapema: ngazi yenye kulabu, mapipa ya mafuta, na nyavu hakuna. Muvuvi anapanda wapi na ngazi? Hata vile, mabaharia walioona mambo wanatawanyika mu inchi zao, na bila mashahidi kesi inalegea. Njo maana wengi waliachiliwa tu.

Hata Marekani walibishana. Mu Agosti 2010, hakimu wa Norfolk alifuta shitaka la uharamia kwa watu walioshambulia manowari Ashland, juu hawakuiba kitu. Mu 2012, tribinali ya rufaa ikasema hapana: kushambulia peke yake kunatosha.

Kwetu mutu akiitiwa «mwizi!» barabarani, mara ingine anauawa mbele hata ya kuulizwa jina. Wale wa Safina walikamatwa ndani ya jahazi la wenyewe, na bado walipewa avoka, mashahidi na rufaa. Sheria si huruma kwa mwizi. Ni kinga ya muvuvi wa kweli, siku atakapokutwa mahali pabaya.